uv: kuweka Python kwenye laptopu ukiwa Lamu, bila kumaliza bando

Mtu anayenunua intaneti kwa MB ana swali moja la kukiuliza kila chombo cha kuweka lugha ya programu: kitu kile kile nitakilipia mara ngapi? Kwa Python, uv inalijibu swali hili vizuri kuliko vyombo vyote ninavyovijua, na ninaipendekeza kwa yeyote mwenye laptopu hapa Lamu, awe Langoni, Shela, Matondoni au ng'ambo ya Pate. Ina pengo moja kubwa, na kwa bahati mbaya linawaangukia watu wa visiwani kuliko wa mjini Nairobi. Nitalieleza kwa kirefu pamoja na njia ya kulipita.

uv ni programu ya kampuni ya Astral, ilitoka Februari 2024 na imeandikwa kwa lugha ya programu iitwayo Rust. Mwanzoni ilifanya kazi ya pip tu, yaani kuleta vifurushi: si vya bando, ni msimbo ulioandikwa na wengine ili uutumie kwenye programu yako. Tangu Agosti 2024 inaleta Python yenyewe pia. Ni ya bure, chini ya leseni ya MIT au Apache 2.0, na inakwenda kwenye Windows, Linux na macOS. Haihitaji Python iwepo kabla yake wala nywila ya msimamizi, na hilo peke yake linamtosha mwalimu anayetumia kompyuta ya shule asiyopewa ruhusa ya kuigusa.

Kwenye Windows 10 au 11 fungua PowerShell uandike:

powershell -ExecutionPolicy ByPass -c "irm https://astral.sh/uv/install.ps1 | iex"

Kwenye Ubuntu (aina ya Linux):

wget -qO- https://astral.sh/uv/install.sh | sh

Mafunzo mengi yanatumia curl hapo, lakini Ubuntu iliyowekwa upya mara nyingi haina curl, ndiyo maana nimeandika wget. Ikimaliza, funga dirisha ulilokuwa ukiandikia ufungue jingine. Wengi hukwama hapa bure: uv imeshaingia kwenye folda ya .local ndani ya akaunti yako, kwenye bin, lakini dirisha la zamani bado linasoma PATH ya zamani (orodha ya folda ambamo programu hutafutwa), kwa hiyo linasema halijui uv ni nini. Andika uv --version kwenye dirisha jipya. Ukiona namba, umemaliza. Ukiweka kwa njia hii, kusasisha ni uv self update. Ukiweka kwa winget, chombo cha Windows cha kuweka programu, amri hiyo itakukatalia; utasasisha kwa winget upgrade.

Ikiwa laptopu yako ni ya mtumba na bado ina Windows 7, usipoteze bando. Rust ya sasa haitengenezi tena programu za Windows 7, na Python ya mwisho kuikubali Windows hiyo ni 3.8, ambayo matengenezo yake yalikoma Oktoba 2024. Weka Lubuntu, Ubuntu nyepesi, kwanza.

Sasa Python yenyewe:

uv python install 3.12

Nimeandika 3.12 kwa makusudi. Ukiacha namba, uv itakuletea toleo jipya kabisa, na toleo jipya kabisa lina tabu yake: vifurushi vingine bado havijatengenezewa faili za .whl (kifurushi kilicho tayari kusakinishwa) za toleo hilo, na visipokuwa na faili hizo uv hujaribu kuvitengeneza kutoka kwenye msimbo. Kwenye Windows utaambiwa unahitaji Microsoft Visual C++ 14.0, mzigo wa GB kadhaa kwa jambo ambalo toleo la nyuma kidogo lingelimaliza kwa MB 10. Python 3.12 ilitoka Oktoba 2023 na itapata matengenezo ya usalama hadi Oktoba 2028. Inatosha.

Toleo hili huitwa python3.12, si python. Kwenye Windows ukiandika python peke yake bado litafunguka duka la Microsoft, kwa sababu Windows imeweka njia ya mkato yenye jina hilo. Izime kwenye Settings, sehemu ya App execution aliases, au zoea kuandika uv run, ambayo haiulizi jina la Python kabisa.

Kwenye Ubuntu jambo la kusifu ni kile ambacho uv haikigusi. Python iliyokuja na Ubuntu ni ya mfumo. apt, chombo cha Ubuntu cha kuweka programu, na vyombo vyake vinaitegemea, na hata GNOME Terminal kwenye Ubuntu huanzishwa na faili fupi la Python. Kuna mafundi wanaowaambia watu wabadilishe python3 ya mfumo ielekee toleo jipya, na kesho yake terminali haifunguki na apt inalalamika kwamba haioni apt_pkg. Tangu Ubuntu 23.04 na Debian 12, pip ikielekezwa kwenye Python ya mfumo inakataa kwa ujumbe wa externally-managed-environment, na watu wameshajifunza kuongeza --break-system-packages ili ukuta uanguke. Jina la swichi hiyo linasema kitu cha kweli, lisomeni. Ukiwa na uv huna sababu ya kuufikia ukuta huo, kwa sababu Python zake zinakaa kwenye folda yako, na ukizifuta hakuna kitu kingine kinachoyumba.

Kazi yenyewe huenda hivi. Tuseme karani wa BMU (kamati ya wavuvi ya kusimamia ufuo) ya Kizingitini ana faili za Excel za samaki na kamba waliopokewa kila siku, na anataka jumla ya kilo kwa mwezi. pandas ni kifurushi cha kupigia hesabu majedwali, openpyxl ni cha kusomea Excel:

uv init --python 3.12 samaki
cd samaki
uv add pandas openpyxl
uv run main.py

Ndani ya folda ya samaki utaona main.py ya kuandikia msimbo wako, pyproject.toml inayosema mradi unataka nini, uv.lock inayosema ni matoleo gani hasa yaliyochukuliwa, na folda iliyofichwa ya .venv yenye vifurushi vyenyewe. Hakuna activate, ile skripti ya kuwasha .venv kabla ya kazi, kwa hiyo ule ujumbe mwekundu wa PowerShell unaosema kuendesha skripti kumezuiwa hautauona.

Tazama kwa makini maneno uv inayoyatoa, maana ndiyo yanayokueleza bando lako limekwenda wapi. Mara ya kwanza itaandika mstari wa Resolved, kisha Prepared, kisha Installed. Prepared ndio mstari wa gharama: ni hapo vitu viliposhuka kutoka kwenye mtandao. Fungua mradi wa pili, uombe pandas ile ile, na mstari wa Prepared hautokei kabisa. Resolved, Installed, imekwisha, tena kwa sehemu ndogo ya sekunde. Vifurushi vimetoka kwenye kache, ghala ambalo uv hulitunza kwenye diski yako. pip nayo ina kache, si haki kusema haina, lakini pip hunakili faili zote upya kwenye kila mradi. uv hulipatia faili lile lile jina la pili ndani ya mradi mpya bila kulinakili. pandas na numpy zikishafunguliwa huzidi MB 100, kwa hiyo mwanafunzi mwenye miradi mitano kwenye diski ya GB 128 anaiona tofauti.

Hata hivyo, kache ikiwa imejaa uv bado hupenda kuchungulia mtandaoni kama kuna toleo jipya. Ukiwa huna bando, ongeza --offline mwishoni mwa amri. Kama kila kitu kimo kwenye kache, itafanya kazi kimya. Kama kuna kinachokosekana, itakutajia jina lake mara moja.

Mtandao wenyewe ndio penye kazi. Nyumba za mawe za Mji wa Kale zina kuta nene za matumbawe na chokaa, na ishara ya simu ikifika chumba cha ndani imeshachoka. uv haikutengenezwa kwa hali hiyo. Kwa kawaida yake inaruhusu upakuaji hadi 50 kwa pamoja, na kila upakuaji ukikaa sekunde 30 bila kupokea kitu unahesabiwa umekufa. Kwenye laini nyembamba faili zote zinagombania tundu moja, lile kubwa linakosa pumzi, na unaishia na ujumbe unaokuambia ujaribu kuongeza UV_HTTP_TIMEOUT. Ufuate, lakini usiishie hapo, punguza na idadi:

export UV_HTTP_TIMEOUT=300
export UV_CONCURRENT_DOWNLOADS=1

Kwenye Windows ni setx UV_HTTP_TIMEOUT 300 na setx UV_CONCURRENT_DOWNLOADS 1, kisha dirisha jipya. Simu iweke dirishani au juu kwenye makuti, na uiunganishe na laptopu kwa waya kupitia USB tethering badala ya Wi-Fi, ili ukuta ubaki tatizo la upande mmoja tu. Na kabla ya yote, Windows iambie kwamba laini hiyo ni ya kupimwa: kwenye mipangilio ya mtandao washa Metered connection. Usipofanya hivyo, masasisho ya Windows yatakunywa bando lote wakati wewe ukidhani ni Python.

Faili likikatika katikati, uv huanza tena sifuri. Haiendelei pale lilipoishia. Vifurushi vilivyokamilika vinabaki kwenye kache, kwa hiyo rudia amri bila wasiwasi. Ila kwa faili moja kubwa kwenye laini mbovu, hesabu haiko upande wako. Chukua anwani ya faili la .whl kutoka pypi.org ulishushe kwa wget -c, ambayo huendelea pale ilipokatika; namna ya kulisakinisha iko chini, penye --find-links. Kwenye Windows ni curl.exe -L -C - -O na anwani, na hiyo .exe usiiache, kwa sababu kwenye PowerShell ya kawaida neno curl pekee ni jina la kitu kingine.

Kosa jingine la laptopu za mtumba linalofanana na la mtandao lakini si la mtandao: invalid peer certificate. Betri ndogo ya saa kwenye ubao imekufa, stima ikikatika na betri kubwa ikiisha kompyuta inarudi tarehe ya miaka ya nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana havijaanza kutumika. Rekebisha tarehe, kosa litaondoka.

Halafu diski na flashi. Ukiweka mradi kwenye D: na kache iko C:, ile mbinu ya jina la pili haiwezekani, maana jina haliwezi kuvuka kutoka diski moja kwenda nyingine. uv itakuonya kwamba imeshindwa na inanakili. Si hatari, ila unapoteza nafasi mara mbili. Hamisha kache: setx UV_CACHE_DIR D:\uv-cache. Flashi ni habari nyingine. Nyingi zimeumbizwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazijui viungo vya aina yoyote, na kwenye Ubuntu .venv inahitaji kiungo kuelekea Python. Itakataa. Mradi ufanyie kazi kwenye diski ya ndani. Flashi iwe ya kubebea tu.

Na hapa ndipo pengo nililolitaja. Hali ya kawaida kwetu ni hii: mmoja anapata intaneti nzuri, Malindi au kwenye ofisi yenye laini ya maana, halafu anawabebea wengine Faza au Kiunga. uv haina amri ya kupakua vifurushi na kuviweka kwenye folda bila kuvisakinisha. pip inayo, tangu zamani. Kwa chombo kinachojitangaza kuchukua nafasi ya pip, hili ni upungufu usio na udhuru. Njia ya kupita ni kuiita pip kupitia uvx, mwenza wa uv wa kuendesha chombo bila kukisakinisha:

uvx pip download -d mzigo --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.12 pandas openpyxl tzdata

Amri hii unaweza kuiendesha kwenye Ubuntu na ikakushushia faili za Windows za biti 64. Ina mtego: masharti ya aina ya "kifurushi hiki kinahitajika Windows tu" pip huyapima kwa kompyuta inayopakua. Mfano, kifurushi cha click kinahitaji kingine, colorama, kwenye Windows peke yake. Ukipakua click ukiwa Ubuntu, colorama itabaki nyuma, na utaigundua ukiwa umeshavuka bahari. Itaje mwenyewe kwenye amri, kama nilivyoitaja tzdata ya pandas hapo juu, au tumia kompyuta ya Windows kuwapakulia watu wa Windows.

uv yenyewe ni rahisi kubeba: nakili faili za uv na uvx uziweke kwenye folda iliyomo kwenye PATH. Python ndiyo inataka uangalifu. Andika uv python list --all-platforms --only-downloads --show-urls, chukua anwani ya toleo unalotaka la mfumo unaoupelekea, ulishushe faili, na kwenye flashi uliweke ndani ya folda yenye jina la tarehe kama inavyoonekana kwenye anwani. Angalia jina la faili: alama ya + ibaki +, isiwe imegeuka %2B. Kwenye kompyuta ya mwenzako weka UV_PYTHON_INSTALL_MIRROR ielekee folda ya juu, kwa mfano file:///home/karani/mzigo, kisha uv python install 3.12. uv za kompyuta zote mbili ziwe toleo moja, kwa sababu orodha ya Python inazozijua imo ndani ya uv yenyewe. Zikitofautiana, ya pili inaweza kutafuta faili usilolibeba. Baada ya hapo:

uv venv --python 3.12
uv pip install --no-index --find-links mzigo pandas openpyxl

Usijaribu kubeba .venv nzima. Ndani yake mmeandikwa njia kamili za folda za kompyuta ilikozaliwa, na kwingine haitasimama. Beba pyproject.toml, uv.lock, msimbo wako na mzigo wa .whl.

Onyo la torch, kifurushi cha akili mnemba, linahitaji nafasi yake. Wanafunzi wanaojifunza akili mnemba wanaandika uv add torch kwenye Ubuntu na kuona bando la mwezi likiyeyuka, kwa sababu kwenye Linux toleo la kawaida huja na maktaba za kadi za NVIDIA, jumla yake GB kadhaa, hata kama laptopu haina kadi hiyo. Ndani ya mradi wenye .venv, andika:

uv pip install torch --index-url https://download.pytorch.org/whl/cpu

Washindani wake. Anaconda ni nzuri kwa chuo chenye laini ya kudumu. Kisakinishi chake kinakaribia GB 1, sitamshauri mtu wa hotspoti. pyenv hutengeneza Python kutoka kwenye msimbo, inataka build-essential na maktaba za -dev kadhaa, na ukisahau libssl-dev hutapata Python inayoweza kufungua https. Anayestahili kuangaliwa ni Python Install Manager, chombo rasmi kipya cha Windows kutoka kwa watengenezaji wa Python wenyewe. Kina swichi ya --download kwenye py install kwa ajili ya kuandaa mzigo wa kubeba, na katika hilo kimeipita uv. Lakini kinasimamia Python tu. Vifurushi vinabaki kazi ya pip, na Ubuntu hakipo. Kwa maabara ya shule yenye Windows tupu na somo la kwanza la Python lisilohitaji pandas, ningekichukua hicho.

Kuhusu usafi: kache hukua, na mtu akiona GB 6 hukimbilia uv cache clean, akajikuta analipia pandas upya. Anza na uv cache prune, ambayo hutoa tu vitu visivyohitajika tena. Toleo la Python usilolitumia liondoe kwa uv python uninstall 3.11, lakini kabla ya hapo angalia faili la .python-version kwenye miradi yako. Ukifuta toleo ambalo mradi bado unalitaja, uv run inayofuata italishusha tena bila kukuuliza, isipokuwa umeweka UV_PYTHON_DOWNLOADS=never. Kwenye laptopu ya bando ningeiweka hiyo tangu siku ya kwanza, baada ya Python kuingia.